Sikukuu isikuachie homa: Chunga takataka za nyumba yako

MSOMAJI, hebu zunguka mtaa wako siku mbili baada ya Krismasi, uwe Malindi mjini, Watamu, Gede, Kilifi au Mtwapa, kisha uangalie yaliyolala nyuma ya nyumba. Utaona makumbi ya madafu, maganda ya maembe yaliyojaa nzi, wali uliochacha, mifupa, nepi za watoto wa wageni na chupa za maji za plastiki. Hatua chache kando yake mtu amelitia moto biwi lake, na moshi mweusi unaingia madirishani mwa jirani.

Wengi wetu tunaona kwamba huo ni uchafu wa macho tu, utakaokwisha gari la kuzoa taka litakapopita. Lakini takataka za nyumbani haziendi mbali kama tunavyodhani. Humrudia mwenyewe kwa njia tatu: kwa mbu, kwa nzi na kwa moshi. Na jambo la kutia moyo ni kwamba nyingi kati ya takataka za sikukuu hapa pwani ni vitu vinavyooza au vyenye kazi nyingine, na hakuna sababu yoyote ya kuvipeleka jaani.

Kwa nini hasa msimu huu

Iko sababu ya kuuogopa mwezi wa Desemba kuliko miezi mingine. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, kwa hivyo sikukuu zinapofika, kila chombo kilichotupwa nje kimekwisha kupata maji. Kaskazi nayo imeanza kuvuma na joto linapanda, na joto huharakisha kuoza kwa chakula na kukua kwa wadudu. Huu pia ni msimu wa maembe, na maganda na kokwa hujaa kila mahali.

Isitoshe, nyumba ya watu watano hujikuta ina watu kumi na watano. Ndugu wametoka Nairobi na Mombasa, na watoto wamefunga shule. Hoteli na nyumba za kukodi za Malindi na Watamu nazo zimejaa wageni. Walaji wameongezeka, lakini pipa la taka ni lile lile na shimo la nyuma ya nyumba ni lile lile.

Haya hayahusu Krismasi na Mwaka Mpya peke yake. Idd hurudi nyuma kwa siku zipatazo 11 kila mwaka, na ikiangukia wakati wa mvua, mambo huwa yale yale.

Kidingapopo ndani ya dafu

Tuanze na mbu. Watu wengi wakisikia mbu hufikiria malaria na madimbwi ya maji. Lakini yuko mbu mwingine, mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, ambaye hapendi dimbwi. Yeye hutaga kwenye maji machache yaliyotulia ndani ya vyombo: tairi kuukuu, kopo, ndoo, sahani ya chini ya chungu cha maua, kifuu cha nazi, na dafu lililokunywewa likatupwa mdomo juu. Maji ya kujaza kifuniko cha chupa yanaweza kumtosha. Katika joto letu, yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Mayai yenyewe hung'ang'ania ukutani mwa chombo, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja maji.

Mbu huyu ndiye anayeeneza homa ambayo hospitalini huitwa dengi, na ambayo wazee wa Kiswahili waliijua kwa jina la kidingapopo. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja homa hiyo ilipozuka mwaka wa 1870, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo. Baadhi ya wataalamu wa leo wanaona kwamba ule mlipuko wa Unguja ulikuwa wa chikungunya, na si ajabu, kwani maradhi haya mawili yanafanana na huenezwa na mbu huyo huyo.

Usidhani, msomaji, kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali. Mlipuko wa kwanza wa dengi kuthibitishwa kwa vipimo nchini Kenya ulitokea hapa hapa kwetu, Malindi na Kilifi, mwaka wa 1982. Dengi ilizuka tena Mombasa mwaka wa 2013. Chikungunya nayo ilizuka Lamu mwaka wa 2004, ikarudi Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuendelea hadi 2018.

Dalili za dengi huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu. Mgonjwa hushikwa na homa kali ya ghafla, kichwa humuuma, na husikia maumivu nyuma ya macho, katika misuli na viungo. Wengine hutoka vipele. Mtu akiwa na homa, akapimwa malaria na isionekane, asirudi nyumbani kunywa dawa za malaria kwa kubahatisha. Amweleze daktari dalili zote.

Hakuna dawa ya kuua virusi vya dengi. Mgonjwa hupumzishwa, hunyweshwa maji kwa wingi na hupewa parasetamoli ya kutuliza homa. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu dawa hizo zaweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu. Akianza kuumwa sana na tumbo, kutapika mara kwa mara, kutokwa na damu puani au kwenye fizi, au akalegea homa inapoanza kushuka, apelekwe hospitali mara moja.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Mbu huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya jua kutua, kwa hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Tena yeye si msafiri. Aghalabu huishi na kufa ndani ya mita mia chache kutoka chombo alimozaliwa. Maana yake ni kwamba mbu anayemuuma mtoto wako barazani, huenda amezaliwa katika ua wako au wa jirani yako.

Kinga yake haina gharama. Dafu likishanywewa lipasue vipande viwili na ulifudikize, au uanike vipande juani vikauke viwe kuni. Vifuu navyo vifudikize. Matairi yasiyo na kazi yatoboe au uyaweke chini ya paa. Kwa kuwa maji ya mfereji hukatika na kila nyumba huweka akiba, mapipa na madumu yafunikwe barabara, na mara moja kwa wiki uyasugue kwa brashi upande wa ndani ili uyatoe mayai yaliyong'ang'ania.

Nzi na wali wa jana

Adui wa pili ni nzi. Naye katika joto hutoka kwenye yai hadi kuruka kwa muda usiozidi wiki moja au siku 10. Taka za chakula zikikaa wazi kwa wiki nzima ya sikukuu, umefuga kizazi kizima cha nzi. Nzi hao hutoka chooni na kwenye nepi, wakatua kwenye biriani na juisi ya watoto. Ndipo huja kuhara na kutapika.

Kwa hivyo pipa la taka za chakula liwe na kifuniko, na limwagwe angalau mara mbili kwa wiki, au kila siku nyumba ikiwa na wageni. Pipa moja lenye kifuniko kinachoshika ni kinga kubwa kuliko mikebe mitatu ya dawa ya kupuliza.

Lakini dawa kubwa zaidi ni kutopika chakula cha kutupwa. Pwani tunaona aibu sufuria kuisha wageni wakiwa bado wamekaa, na adabu hiyo ni nzuri. Hata hivyo, kilo 1 ya mchele yatosha watu wazima 8 hadi 10 ikiwa kuna nyama na vitu vya kando. Hesabu watu kabla ya kupima mchele. Anza na sahani ndogo, kisha atakaye aongezewe. Chakula kilichobaki katika sufuria kinaweza kuhifadhiwa, lakini kilichobaki katika sahani ya mtu hakifai tena.

Kuhifadhi nako kuna mashaka yake. Wali, pilau na vyakula vyote vya nazi visikae nje zaidi ya saa 2, na siku ya joto kali saa 1. Ndani ya mchele mna vijidudu ambavyo vimelea vyake havifi kwa kupikwa. Wali ukikaa katika joto la jikoni usiku kucha, vimelea hivyo huamka na kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto mara kumi. Kama una friji, weka wali katika vyombo vidogo vipana ili upoe upesi, na uule siku inayofuata. Kama huna, gawia majirani ungali moto. Huo ndio ukarimu wa sikukuu, na hakuna kinachoingia pipani.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari mapema. Chukua lita 1 ya maji safi, utie vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha au kumlisha, na umpeleke kliniki kwa dawa ya zinki. Macho yakibonyea, akikataa kunywa au akihara damu, usingoje kesho.

Moshi haumalizi taka

Njia ya tatu ni moshi. Watu wengi wakiliona jaa limejaa hulitia kiberiti, na kudhani wamesafisha. Kwa kweli wamezibadilisha takataka kuwa kitu kinachoingia kifuani. Plastiki, nepi, ndara na vipande vya mabomba vikiungua kwa moto mdogo wa nyuma ya nyumba hutoa chembechembe nyembamba sana zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Baadhi ya plastiki, hasa zile za mabomba ya maji, hutoa pia sumu ziitwazo daioksini, ambazo zinahusishwa na saratani. Majivu yake hubaki katika udongo ambamo kuku hudonoa.

Wanaoumia kwanza ni watoto wachanga, wazee, akina mama wajawazito na kila mwenye pumu. Kama jirani yako anakohoa kila jioni, huenda dawa yake iko kwenye kiberiti chako. Usichome plastiki hata kidogo.

Tenganisha, hapo ndipo penye siri

Utauliza: basi nifanye nini na biwi lote hili? Jibu ni neno moja: tenganisha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inataka taka zigawanywe mahali zinapotoka, zinazooza mbali na zisizooza mbali. Wengi wetu bado hatujaanza. Nyumbani kwako huhitaji zaidi ya vyombo viwili: ndoo yenye kifuniko kwa vinavyooza, na gunia kwa vikavu.

Ukishatenganisha utastaajabu. Vile vinavyonuka, vinavyoleta nzi na panya, vyote vimo katika ndoo moja, na karibu vyote vina pa kwenda. Maganda ya maembe, ndizi na viazi vitamu ni chakula cha mbuzi. Machicha ya nazi ni chakula cha kuku. Wazee wetu hawakujua kuutupa mnazi. Kifuu kilikuwa upawa, au kata ya kutekea maji, na kilichovunjika kilikuwa kuni zenye moto mkali. Makumbi yalilowekwa yakatoa usumba wa kusokotea kamba, na kuti lilisukwa pakacha la kubebea maembe. Vitu hivyo havijasahaulika vijijini, ila sisi wa mjini tumeviita takataka.

Kinachobaki kitie kwenye shimo la mbolea. Chimba shimo lenye upana wa mita 1 na kina cha nusu mita, mahali penye kivuli. Tandaza majani makavu, kisha taka za jikoni, kisha samadi kidogo ukiwa nayo, halafu funika kwa udongo. Rudia hivyo kila siku, na usisahau udongo wa juu, kwani ndio unaozuia nzi. Ligeuze biwi kila baada ya wiki mbili na ulinyunyizie maji likikauka. Baada ya miezi miwili au mitatu utakuwa na mbolea ya mchicha na mipapai.

Nyama, mifupa na mafuta usivitie humo, kwani huita mbwa na panya. Ukichinja mbuzi wa sikukuu, damu na uchafu wa matumbo uufukie siku hiyo hiyo katika shimo la kina cha mita 1.

Angalia jambo moja. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe yenye matundu, na visima vingi si virefu. Maji machafu hupenya upesi. Kwa hivyo shimo lolote la taka liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na lisiwe upande wa juu wa kisima.

Gunia la vikavu ni rahisi zaidi. Halinuki, na laweza kukaa hata wiki mbili. Chupa za plastiki na makopo vina wanunuzi wanaopima kwa kilo, na Watamu kuna kituo cha EcoWorld kinachokusanya plastiki na kuzigeuza kuwa vitu vingine. Suuza chupa, zifunge vifuniko zisiingie maji, na uzihifadhi. Nepi ndizo zenye taabu. Kwanza mwaga kinyesi chooni, kisha ifunge vizuri kwa karatasi na uitie katika pipa lenye kifuniko. Mama anayeweza kutumia nepi za kitambaa, hata mchana peke yake, atapunguza mzigo mkubwa na kuokoa pesa.

Anzia sokoni

Taka rahisi kuliko zote kuondoa ni ile ambayo haikuingia nyumbani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, na wengi wetu tulijifunza tena kubeba vikapu. Endeleza tabia hiyo. Nenda sokoni na kikapu cha ukindu na bakuli lenye kifuniko la samaki au nyama. Ukinunua soda, chagua ya chupa ya kioo inayorudishwa dukani. Maji ya wageni yachemshe na uyatie katika mtungi au jagi badala ya kununua katoni za chupa ndogo. Sahani za plastiki za kutupwa ziache dukani na uazime za jirani, kama tulivyokuwa tukifanya kwa harusi na maulidi.

Mkienda baharini, jueni kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji, sahani, vikombe na mirija ya plastiki ya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika fukwe, mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, zimo katika amri hiyo. Sababu yake inaonekana Watamu, ambako shirika la Local Ocean Conservation limekuwa likiwatibu kasa, wakiwemo waliomeza plastiki. Bahari inayomlisha kasa plastiki ndiyo hiyo hiyo tunayovua samaki wetu.

Kwamba takataka hizi zina matumizi, mafundi wetu walikwisha kuonyesha. Mwaka wa 2018 fundi Ali Skanda na wenzake wa Lamu walishusha majini jahazi la Flipflopi, lililotengenezwa kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa, na kupambwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mapema mwaka wa 2019 jahazi hilo lilisafiri mpaka Unguja, likipita pwani yetu hii.

Nusu saa kila Jumamosi

Haya yote yasikutishe. Tenga nusu saa kila Jumamosi asubuhi, wewe na watoto, mzunguke ua. Kila chombo chenye maji kimwagwe na kufudikizwa. Mapipa ya maji yasuguliwe na kufunikwa. Ndoo ya vinavyooza imwagwe shimoni na kufunikwa kwa udongo. Gunia la vikavu likijaa lipelekwe. Watoto hupenda kazi hii wakipewa mashindano ya nani ataona viluwiluwi vya mbu kwanza.

Kisha umwombe jirani naye afanye hivyo. Si kwa kumlaumu, bali kwa kumweleza kwamba mbu wa kwake ndiye wa kwako, na moshi wako ndio wake. Mayai ya mbu yaliyomo ndani ya dafu la leo yatakuwa mbu kabla ya siku 10. Ukianza Jumamosi hii, utakuwa umewahi.